Kaboni ya shamba dogo wanapimaje? Jibu kwa jamaa wa ekari mbili

Jamaa umesema kikundi chenu kimealikwa kwa mradi wa kaboni, una ekari mbili za mahindi na maharage na migrevilea mpakani, na hujaona mtu akichota udongo, sasa hesabu wanatoa wapi. Umeuliza la maana, wengi wanasaini tu. Mimi nimezunguka mashamba na fomu za mradi kama huo huku Bungoma.

Udongo kuupima ni ghali. Unachimba mpaka sentimita 30, unapeleka maabara, na hata ndani ya shamba moja chini ya mti na katikati ya mahindi majibu hayafanani, halafu mboji yenye hiyo kaboni inaongezeka polepole, mwaka mmoja huoni kitu. Ukifanya hivyo kwa maelfu ya vishamba pesa yote inaishia hapo. Ndio maana mradi wa Vi Agroforestry na Benki ya Dunia huku magharibi ya Kenya, uliopata krediti zake za kwanza (vipimo vya kaboni vinavyouzwa) 2014, ulitumia njia inaitwa VM0017: wanahoji sampuli ya wakulima, majibu yanaingia kwa modeli ya kompyuta, RothC, pamoja na mvua, joto na kiasi cha udongo wa mfinyanzi, nayo inakadiria kaboni iliyobaki ardhini.

Kwa hiyo kinachoingia kwa mashine ni maneno yako. Mabua unaacha shambani, unalisha ng'ombe ama unachoma? Samadi wilbaro ngapi? Na hapo ndio kuna kazi, kwa sababu wilbaro ya huyu imefurika ya yule ni nusu, samadi mbichi ina maji mengi, na anayejibu ni mzee wa boma wakati aliyeibeba msimu mzima ni mama. Mimi nilikuwa naomba mama aitwe, na mara nyingi namba ilibadilika pale pale.

Miti ni rahisi kidogo. Utepe unazungushwa kwa shina mita 1.3 kutoka chini, kwa mteremko unasimama upande wa juu, mti ukigawanyika chini ya hapo kila shina linapimwa peke yake. Unene huo ndio unakadiria kaboni ya mti, kisha kila kilo ya kaboni inageuzwa kuwa kilo 3.67 za kaboni dioksaidi.

Lakini hulipwi kwa ulichonacho, unalipwa kwa kilichoongezeka tangu mradi uanze. Migrevilea uliyopanda zamani haikuongezei kitu, na mkulima aliyekuwa anatunza udongo kabla ya wote anapata kidogo kuliko aliyekuwa anachoma mabua, hili linaniuma mpaka leo. Sehemu ya krediti pia inawekwa akiba, ya kufidia miti ikikatwa baadaye.

Kwa hiyo fomu ya kwanza kabisa, ile ya hali ya shamba kabla ya mradi, ndio yenye pesa. Isomewe mbele yako kwa lugha unayoelewa, samadi na mabua andika kwa daftari lako kila msimu, na uliza mgao wenu unatolewa kabla ama baada ya gharama za ukaguzi. Wakikunyima kopi ya hiyo fomu usisaini.