Ngozi Inapowasha: Namna Ninavyotumia Losheni ya Kalamini

Mtu akiumwa jino, kila mtu humpa pole. Akiwashwa, huambiwa tu aache kujikuna. Lakini muwasho hunyima usingizi, na kucha zikishachana ngozi, vijidudu hupata mlango. Ngozi yangu ni nyepesi kudhurika: mdudu akiniuma pale pale panavimba, jasho likikaa shingoni vipele vinatoka. Watoto wangu nao wamepitia tetekuwanga. Kwa hiyo chupa ya losheni ya kalamini haikosekani nyumbani, na nimeitumia vya kutosha kujua inafaa wapi na haifai wapi.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Ndani yake kuna unga wa oksidi ya zinki na oksidi ya chuma kidogo, na hiyo chuma ndiyo inayoipa ile rangi ya waridi. Unga huo umechanganywa na maji na gliserini. Ukipaka, maji yanapokauka huondoka na joto la ngozi, ndipo unaposikia ubaridi. Unga unaobaki hunyonya umajimaji wa vipele vinavyochuruzika. Kazi yake inaishia hapo. Inatuliza, haitibu chanzo. Haiui wadudu wa upele, haiui fangasi, haiondoi mzio. Ukilishika hilo, hutaitaka ifanye kazi isiyo yake.

Sasa chupa yenyewe. Ikikaa, unga wote hutuama chini na juu hubaki maji ya rangi hafifu. Usipoitikisa, siku za mwanzo unajipaka maji matupu, na ukifika mwisho wa chupa unapaka tope zito linalokausha ngozi mpaka inavuta. Mimi huitikisa kisha naiinamisha kwenye mwanga nitazame kitako chake. Nikiona bado kuna unga umeganda pale, naendelea kutikisa.

Kabla ya kupaka, nawa mikono, kisha osha sehemu inayowasha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni yenye manukato. Ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa safi, usisugue. Mimina losheni kidogo kwenye pamba. Pamba iliyokwisha kugusa ngozi isirudi kwenye mdomo wa chupa. Paka kwa kudonoa, tabaka jembamba tu, uache likauke kabla ya kuvaa nguo maana linachafua. Saa chache baadaye muwasho ukirudi, usipake juu ya unga wa zamani. Uoshe kwanza. Tabaka likipandiana na tabaka, unga hukauka kama gamba, hupasuka, na lile gamba lenyewe linaanza kukuwasha. Mara tatu au nne kwa siku kwa kawaida zinatosha, ila maelekezo ya chupa yako ndiyo ya kufuata.

Kama hujawahi kuitumia, jaribu tone moja upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, usubiri saa 24. Pakiwa pekundu, pakavimba au pakawasha zaidi, osha na usiitumie tena.

Naomba sana msome maandishi ya kwenye chupa, hasa anayenunua kwa ajili ya mtoto. Si kila losheni ya waridi ni ile ile. Nyingine zimeongezwa kafuri, ambayo hupenya ngozini na ni hatari kwa watoto wadogo. Aliye chini ya miaka 2 asipakwe kabisa yenye kafuri. Nyingine zina difenihidramini, dawa ya mzio. Mtoto mwenye tetekuwanga akipakwa hiyo mwili mzima mara kwa mara, dawa huingia mwilini kupitia vidonda, na akinyweshwa pia sharubati yenye dawa hiyo hiyo inazidi kipimo. Wapo watoto waliochanganyikiwa akili kwa namna hiyo. Mwambie mfamasia umri wa mtoto na dawa nyingine anazotumia kabla hajakupa chupa.

Isiguse macho, ndani ya pua, mdomoni, sehemu za siri wala kidonda kibichi. Na iwekwe juu, mbali na watoto, kwenye chupa yake yenyewe, kwa sababu rangi ile inafanana mno na dawa tamu ya kunywa.

Mwanangu alipokuwa na tetekuwanga, kazi kubwa ilikuwa usiku. Nilimkata kucha mpaka mwisho, nikamwogesha maji ya uvuguvugu, nikamvalisha nguo nyepesi za pamba, ndipo nikapita kipele kimoja kimoja kwa ncha ya pamba. Alikuwa ananionyesha mwenyewe, "Mama, na hiki hapa," na akishaonyesha hiki anahamia kile, mpaka mkono unalegea na usingizi unamchukua. Kwa homa nilimpa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini mtoto mwenye tetekuwanga hapewi, kwani inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Kipindi hicho hicho mama yangu mzazi, ambaye miguu humwasha kwa sababu ngozi imekauka na umri, akaniambia nimpake na yeye hiyo ya mtoto. Nikamwambia, "Hii itakuzidishia, mama. Ngozi yako inataka mafuta." Ndivyo ilivyo: kalamini hukausha, na ngozi iliyokwisha kukauka ikipakwa hiyo huwasha mara mbili. Mtu wa namna hiyo apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato mara tu atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Wenye pumu ya ngozi (ekzema) pia wengi wao ni mafuta wanayohitaji, pamoja na dawa atakayoandika daktari.

Ipo miwasho mingine ambayo losheni inaichelewesha tu isijulikane. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na wenzako wa nyumbani nao wanajikuna, huo huenda ni upele. Dawa yake ni kama permethrini au benzili benzoeti, na nyumba nzima hutibiwa kwa wakati mmoja. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia, huenda ni choa, linataka dawa ya fangasi. Na usikimbilie krimu kali ya steroidi uliyopewa na jirani: choa likipakwa hiyo hufifia kwa muda huku likienea, hata daktari akapata shida kulitambua.

Muwasho wa mwili mzima usio na kipele hata kimoja usiupakie losheni ukanyamaza. Unaweza kutoka kwenye ini au figo. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo, hasa miezi ya mwisho, aende kliniki siku hiyo hiyo, maana huenda ni tatizo la nyongo linaloweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, kimbia hospitali. Vivyo hivyo ukianza dawa mpya ukaona malengelenge, ngozi inabanduka, mdomo na macho vinatoka vidonda. Usaha, homa, au wekundu unaosambaa pia havina subira. Na muwasho wa kawaida tu usiopungua ndani ya siku 7 unastahili kuonwa na mtaalamu.

Siku ya kwenda huko usipake losheni asubuhi. Ule unga hufunika vipele na kubadili rangi yake, na daktari anahitaji kuiona ngozi kama ilivyo. Ichukue chupa uende nayo, asome mwenyewe kilichomo.