Kuhusu Ile Bendera

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikichambua mchicha. Unauliza kama ni unafiki wewe, Mkenya, kubeba bendera ya Bikira Maria wa Guadalupe, yule wa Meksiko, siku parokia yenu ya San Antonio itakapoadhimisha urithi wa Wahispania, kama wanavyoitwa huko watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, ilhali imani yenyewe waliletewa na watu wenye panga. Baba yako angekujibu kwa neno moja. Mimi unanijua.

Kwanza, yule mama wa tamale, vile vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwenye maganda, hakupenda kuitwa Mhispania. Alikuwa mtu wa Puebla, Meksiko, basi.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza huko Marekani, mwaka wa koti moja mlilopokezana na dada yako. Kwenye mkutano wa parokia wenzetu wa Meksiko waliomba kanisa lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, tarehe 12 Desemba, wamwimbie Bikira kwa tarumbeta na magitaa. Watu wakaguna. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema tarumbeta saa hiyo ni kelele, si ibada. Mimi, niliyekulia Changamwe kwa kayamba na vigelegele! Nilitaka tu wale wa viti vya mbele wanione mwenzao. Wakaitikia kwa vichwa, nami nikafurahi. Ile furaha ndiyo inayonitia haya hadi leo, kuliko hata maneno yenyewe.

Yule mama alikuwa ameketi nyuma yangu. Hotelini tulikuwa tukitandika vitanda pamoja. Kesho yake hakusema kitu, wala kesho kutwa. Jioni ya tarehe 11 akanipitia nyumbani: twende tukapike.

Jikoni kwake hapakuwa na pa kuweka mguu. Maganda makavu ya mahindi yamelowekwa kwenye beseni. Unga ni wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, unakandwa na mafuta ya nguruwe mpaka kidonge chake kielee kwenye maji. Nikapewa kijiko, nikapaka unga upande wa ganda wenye mikwaruzo. Akalichukua, akaligeuza, akanionyesha upande laini, akarudi kwenye mazungumzo yake. Alipokuja tena akaniuliza, polepole kwa Kiingereza chake, kama bado naona ni kelele. Sikumjibu. Nikapaka ganda lingine.

Alfajiri akanipa kikombe cha champurrado. Nikaonja, nikacheka peke yangu. Uji! Uji wa mahindi wenye chokoleti na mdalasini. Na mahindi yenyewe, huu ugali tunaojivunia, asili yake ni Meksiko. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: dini ya mtu ijue jikoni kwake.

Kanisa lilifunguliwa, si kwa hisani yangu. Tarumbeta zilipolia nililia nazo.

Haya, panga. Ulipelekwa Fort Jesus na shule, ukarudi ukiniuliza kwa nini jina la Bwana liko kwenye ngome ya mizinga. Mfalme Philip, ambaye ngome hiyo ilianza kujengwa kwa amri yake mwaka 1593, ndiye huyo huyo mfalme wa Uhispania, Ureno nayo ikiwa chini yake. Kwa hiyo usidhani sielewi. Nawaelewa hata wanaosema tusisherehekee chochote.

Lakini Bikira huyo, kwa mapokeo yao, alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa huko, mwaka 1531, miaka kumi tu baada ya mji wa Waazteki kuanguka, akasema naye Kinahuatl, lugha ya walioshindwa. Askofu hakumwamini mpaka alete maua ya waridi. (Mtu wetu siku zote lazima alete ushahidi!) Na padri Hidalgo alipowaamsha watu wake dhidi ya utawala wa Uhispania mwaka 1810, picha aliyoibeba ilikuwa ya Bikira huyo huyo. Maadhimisho yenu yanaanza tarehe 15 Septemba kwa sababu ndiyo siku ya uhuru wa nchi tano za Amerika ya Kati, na Meksiko inafuata kesho yake. Kwa hiyo bendera hiyo si ya wenye panga. Au niseme, si yao peke yao, maana mapadri waliobariki panga nao walimwomba Maria. Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Sitakuambia ubebe. Ningependa kukuambia, kalamu inaniwasha, lakini una miaka thelathini na mmoja. Ila usiku wa kuamkia siku hiyo watakuwa jikoni. Nenda, uoshe mikono, usikae tu ukipiga picha. Dini ya mtu, nimeshasema.

Na yule mama, kama bado anasali Misa ya saa mbili, mwambie kwamba siku ile mkutanoni mimi... Hapana, usimwambie. Nitumie namba yake.

Mama yako