Hasa si kamili: kwa nyinyi mnaoanza kutafsiri

Wadogo zangu, wiki nzima nimeshinda hapa Kisumu nikikagua kazi zenu na kila mahali klayenti ameandika "exactly" nyinyi mmeweka hasa. Hasa juu, hasa chini, kuna ukurasa mmoja nimehesabu 9. Nawapenda na mna bidii, lakini hii kitu tuimalize leo.

1. Hasa ina mikono miwili. Ukisema "huyu ndiye hasa niliyemtafuta" umemlenga mtu mmoja tu. Ukisema "napenda samaki, hasa ngege" umemtanguliza ngege, lakini mbuta na omena bado wako mezani. Neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu maalumu, kilichotengwa na vingine, na likikaa mbele ya jina msomaji anakimbilia ule mkono wa pili. Hapo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa mgeni kama nyinyi, nikapewa kipeperushi cha ORS, ile dawa ya unga ya kumrudishia anayehara maji na chumvi, msimu wa kipindupindu. Kiingereza kilitaka pakiti moja ikorogwe kwa maji safi, lita moja tu bila kupunguza. Nikaandika "Koroga pakiti moja, hasa kwa maji safi, lita moja." Nilisoma nikaona iko sawa, dedilaini ilikuwa imenikaba, nikatuma saa tano usiku bila kumpa mtu mwingine asome. Vikachapishwa. Wiki mbili baadaye nikaandamana na wahudumu wa afya ya jamii hadi mtaa wa Manyatta, tukaingia kwa mama mmoja mtoto wake anahara tangu jana, na kipeperushi chetu amekibandika ukutani kando ya kalenda, nikafurahi kweli. Kisha akachukua glasi, ile ya chai, ina maua mekundu, akamimina pakiti yote ndani akaanza kukoroga. Mhudumu akamshika mkono polepole, "Mama, maji ni lita moja." Naye akaonyesha ukuta, "Si mmesema hasa maji safi? Haya ni safi, nimechemsha mwenyewe."

Alikuwa amesoma vile nilivyoandika. Mimi ndiye nilitia mkazo kwa usafi na kuiacha lita ikining'inia mwishoni kama kitu cha hiari. Na ile dawa ikikolea chumvi hivyo inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari maji yamemwishia mwilini, ikizimuliwa sana nayo haimrudishii chumvi anayopoteza. Mtoto hakuwa amekunywa, Mungu ni mwema. Lakini nilikaa kwa stuli ya yule mama nikashindwa kuongea, nikiwaza nyumba ambazo hatukuingia siku hiyo. Nilirudi nikawaambia waliotupa kazi kosa ni langu, vikakusanywa, mstari ukaandikwa upya: "Maji lita moja kamili, yasipungue wala yasizidi. Pima kwa chupa mbili za nusu lita." Ile glasi bado naiona hadi leo.

2. Kamili ni ya vitu vya kuhesabu na kupima: saa, pesa, lita, kilo, na inakaa nyuma ya kile inachopima. Na 8:00 asubuhi ni saa mbili kamili, jameni, si saa nane.

3. Barabara ni ya namna jambo linavyofanyika, "funga mlango barabara", haihesabu kitu. Mkirekodi kwa redio chungeni shadda, yaani mkazo wa sauti, ikianguka kwa silabi ya pili maana ni "sawasawa", ikianguka kwa ya tatu tayari ni njia ya magari. Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake usawa, na Wahindi nao wanalo. Juzi nilikuwa nanunua kitambaa cha pazia pale Oginga Odinga Street, muuzaji ni mzee Mgujarati, akakinyoosha kwa kijiti chake cha mita, akakivuta tena kidogo, ncha ikakutana na ncha, akasema "barabar". Nikasimama hapo nikisikia raha, neno moja linatumika pande zote mbili za kaunta.

4. Halisi ni ya kitu kisichoghushiwa, sahihi ni ya kitu kisicho na kosa. Takriban ni kinyume kabisa cha mnachotafuta, na aliyeiweka kwa kipimo cha dawa aje tuongee.

5. Mara nyingi hata hauhitaji kielezi. Siku ile ile, papo hapo, vivyo hivyo, ndiye yeye, lugha imeshamaliza kazi. Na mtu akiwa anakubali maneno ya mwenzake andika "Haswa!" au "Hapo sasa!" vile watu wanaongea, si "kwa usahihi", hakuna mtu hapa mtaani Kondele anajibu mwenzake hivyo.

Ile ratiba ya chanjo nimeirudisha bila kuigusa. Pitia kila hasa ujiulize inapima nini, halafu mpe mwenzako ambaye hajaona Kiingereza akusomee kwa sauti. Naitaka kwa meza yangu kesho saa tatu kamili.