Asali ya Tabora: tukue kwa njia ipi?

SWALI: Tuko watu wanne, tunachuja na kufungasha asali hapa Tabora mjini. Tunanunua kwa wafugaji nyuki wa Sikonge. Mtaji ni milioni sita. Tunashauriwa mengi: tupeleke maduka makubwa ya Dar es Salaam, au tutengeneze mishumaa ya nta tukaiuze Kigoma. Tuanze na lipi?

JIBU: Mwaka 1957 Igor Ansoff, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alizigawa njia za kukua kwa maswali mawili tu: bidhaa ni ileile au mpya, soko ni lilelile au jipya? Mishumaa Kigoma ni vyote vipya kwa mkupuo, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Iacheni. Nta uzeni kwa kilo kama ilivyo.

Dar inavutia, lakini piga hesabu kwanza. Nguvu yenu ni wafugaji wanaowaletea asali safi, na wanawaletea kwa sababu mnalipa taslimu msimu wa kurina. Maduka makubwa aghalabu huchukua kwa mali kauli. Tuseme mnapeleka chupa 200 kwa mwezi, kila moja imewagharimu shilingi 9,000, na duka linalipa baada ya siku 60. Kabla hamjashika hata senti, chupa 400 ziko nje: shilingi 3,600,000, zaidi ya nusu ya mtaji, nauli bado. Msimu ukiingia, mfukoni hamna kitu, mfugaji anamuuzia mchuuzi mwenye fedha mkononi, na kumrudisha ni kazi. Oda mnazo, asali hamna.

Anzeni hapahapa. Tabora ndiko reli inakogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Abiria hanunui kilo nzima, ila chupa ya gramu 250 ataibeba. Hoteli nazo zipelekewe ndoo. Ya lita 20 hubeba kama kilo 28, basi uzeni kwa mizani, si kwa ndoo.

Kila ndoo inayoingia ipimwe unyevu kwa refraktomita. Ukizidi asilimia 20 asali huweza kuchacha ndani ya chupa, gesi ikasukuma kifuniko mezani kwa mteja, na huyo harudi. Chanzo huwa ni masega yaliyokatwa kabla nyuki hawajayaziba, au ndoo iliyoachwa wazi wakati wa mvua. Mweleze mfugaji, usimkate bei kimyakimya.

Mkiitamani Dar hata hivyo, duka moja, chupa 50. Mzigo wa pili utoke wa kwanza ukishalipwa.