Mkandarasi wa nyumba ya kuishi Dar: jina la kwenye cheti ndilo liwe la kwenye mkataba

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba yako ya ghorofa moja huko Goba, umeeleza kwamba mtu uliyeletewa na jirani amekuonyesha cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ila jina la kampuni lililo kwenye cheti si lile lililo juu ya makadirio aliyokuandikia, na kwamba anataka nusu ya fedha zote kabla ya kuchimba msingi. Unataka kujua kama cheti hicho kinatosha. Hakitoshi. Nimesimamia ujenzi wa nyumba yangu Madale na baadaye wa nyumba ya dada yangu Kigamboni, na katika kazi zote mbili mafundi wenye vyeti vya watu wengine walinisumbua kuliko wale wasio na cheti kabisa, kwa sababu asiye na cheti walau hakufichi kitu.

Tuanze na cheti chenyewe. Bodi, ambayo wengi tunaiita CRB, inafanya kazi chini ya Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997, na husajili makandarasi kwa aina na kwa daraja. Mkandarasi wa majengo si yule wa barabara na madaraja, wala si yule wa umeme, hata kama wote wanavaa kofia zile zile. Kwa majengo yapo madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa, na kila daraja lililo chini ya hilo lina kikomo cha thamani ya kazi moja ambayo kampuni inaruhusiwa kuichukua. Kwa hiyo uliza daraja lake na kikomo chake, kisha ulinganishe na jumla ya makadirio yako. Usivutiwe sana na daraja la kwanza: nyumba ya familia ni kazi ndogo mno kwa kampuni ya aina hiyo, na mara nyingi ikiipokea huikabidhi kwa kampuni ndogo au kwa fundi ambaye hukumchagua wewe. Kwa maoni yangu kampuni ya daraja la chini ambayo mkurugenzi wake anafika saiti mwenyewe ni bora kuliko jina kubwa ambalo hutalipata kwa simu.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kinathibitisha kwamba kampuni ipo kisheria, na leseni ya biashara inairuhusu kufanya biashara, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema kwamba kampuni hiyo ni mkandarasi. Nimeletewa zaidi ya mara moja bahasha nzuri yenye cheti cha BRELA, namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara, bila karatasi hata moja ya CRB, na mwenye bahasha akashangaa kwa dhati nilipoiulizia. Usajili wa CRB pia una ada ya kila mwaka, hivyo cheti kilichotolewa miaka iliyopita hakikuhakikishii kwamba kampuni bado ina haki ya kufanya kazi leo. Itafute kampuni kwenye orodha ya Bodi, au wasiliana na ofisi yao ukiwa na namba ya usajili mkononi.

Sasa suala la majina mawili. Mjini kwetu kuna desturi, ambayo kila mtu wa fani anaijua ingawa hakuna anayeisema kwa sauti, ya fundi kuazima cheti cha kampuni iliyosajiliwa kwa kuilipa asilimia fulani ya mkataba. Cheti ni halali, mhuri ni halali, lakini kampuni haina habari na nondo zako. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ikipasuka, fundi atasema kazi ni ya kampuni, na kampuni itasema haikupokea fedha zako.

Wakati wa nyumba ya Kigamboni, mtu aliyetoa bei ya chini kuliko wote alileta cheti cha namna hiyo. Nilitafuta kampuni kwenye mfumo wa BRELA, nikaona majina ya wakurugenzi, na jina lake halikuwemo. Nilipopiga simu ofisini kwao niliambiwa kwamba huyo ni kijana wao, wanamsaidia. Sikugombana na mtu. Niliomba mambo matatu tu: mkataba utiwe sahihi na mkurugenzi mwenyewe, malipo yote yaingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na kampuni imtaje kwa barua mtaalamu wake atakayewajibika saitini. Yule kijana aliahidi kurudi Jumatatu, na mpaka leo sijamwona. Nakushauri uombe mambo hayo hayo matatu, maana hayamgharimu chochote mkandarasi wa kweli.

Kuhusu nusu ya fedha, hapana. Malipo ya awali yapo, na si dhambi kuyatoa, kwa sababu mkandarasi anahitaji kujenga stoo, kuleta mashine ya kuchanganyia zege na kununua vifaa vya mwanzo. Lakini yalingane na mahitaji hayo, na kwa nyumba kama yako sioni sababu ya kuvuka asilimia 20. Fedha nyingine zigawanywe kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi na jamvi (sakafu ya zege ya chini), nguzo na slabu ya ghorofa, kuta za juu, kupaua, kisha finishingi, ambayo nayo igawanywe tena kwa kuwa ndiyo inayokula fedha nyingi na muda mwingi. Hatua ilipwe ikiwa imekamilika na mhandisi wako ameikubali. Mwishoni bakiza asilimia 5 au 10 hadi kipindi cha kuangalia kasoro kiishe, ambacho kwa kawaida huwa miezi 6 au 12. Mimi ningechukua 12, au walau ningehakikisha kwamba masika ya Machi hadi Mei yamo ndani ya kipindi hicho, kwa sababu paa la Dar es Salaam halijulikani ubora wake mpaka masika yalipitie.

Nimesema mhandisi wako, na hapo nasisitiza neno “wako”. Mkandarasi asijisimamie mwenyewe. Michoro itoke kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa, hesabu za nguzo na slabu zitoke kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na huyo huyo mhandisi au mwenzake mlipane ili afike saitini kabla ya kila umwagaji wa zege. Hana haja ya kushinda pale kila siku. Anachopaswa kuona ni nondo kabla hazijafunikwa: unene wake, idadi yake, umbali kati ya ringi zinazozifunga, na kama zimeinuliwa vya kutosha zisilale juu ya mbao. Zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuziona tena. Mtake pia mkandarasi achukue sampuli za zege la slabu na kuzipeleka maabara, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikavunjwe kupima nguvu yake baada ya siku 7 na siku 28. Liandikwe kwenye mkataba, vinginevyo utaambiwa ni gharama ya ziada. Na kwa wanaojenga Kigamboni au karibu na bahari kwa jumla, mkataba utaje maji na mchanga: maji ya kisima yenye chumvi na mchanga wa ufukweni hula nondo kutoka ndani, na dalili hutokea miaka baadaye plasta inapoanza kutoa kutu.

Lipo jambo ambalo wenye nyumba hulisahau, nalo ni vibarua. Muulize mkandarasi kama amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na akuonyeshe uthibitisho. Saidia fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la kupigia plasta, familia yake itakuja kwenye geti la nyumba yako, haitaenda kutafuta ofisi ya kampuni. Umeme nao usiuache kwa “kijana anayejua”: wafungaji wa umeme wana leseni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na TANESCO haitakuunganishia bila fomu iliyojazwa na mwenye leseni.

Mwisho ni kibali. Goba iko Manispaa ya Ubungo, na kibali cha ujenzi ni cha mwenye nyumba kukiomba, ingawa mkandarasi anaweza kukuhudumia katika ufuatiliaji. Usimruhusu achimbe kwa maneno kwamba kitatoka tu. Tangu jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na tena baada ya lile la Kariakoo la Novemba 2024, swali la nani aliruhusu na nani alijenga haliulizwi tena kwa upole. Kibali kikitoka, ubao usimamishwe mbele ya saiti ukiwa na namba ya kibali, jina la mbunifu, la mhandisi na la mkandarasi. Kabla ya kumlipa shilingi ya kwanza, soma jina la mkandarasi kwenye ubao huo, kwenye mkataba, kwenye akaunti ya benki na kwenye orodha ya Bodi. Likitofautiana popote, muulize sababu mbele ya mkurugenzi wa kampuni, na jibu lake liwe la maandishi.