Riveti Ikipinda, Weka Drili Chini Kwanza

Vijana mnaoanza kuunda ndege ya alumini, mnaharibu bati palepale walipoliharibu waliowatangulia. Riveti, ile pini ya chuma laini inayoshikanisha mabati, imelala upande kidogo, mtu ananyakua drili kwa hasira aitoe. Jamani, pimeni kwanza!

1. Kichwa kinachofinyangwa ndani, upande wa pili wa bati riveti inapopigwa, kinatakiwa kiwe na upana mara 1.5 ya unene wa riveti na kimo nusu ya unene huo. Riveti ya inchi 1/8, yaani mm 3.2, ipate upana wa mm 4.8 na kimo cha mm 1.6. Vipimo vikitosha na hakuna ufa, iacheni. Ina nguvu kuliko tundu lililopanuka.

2. Ikibidi itoke, riveti za AD, zile za alumini zinazotumika sana kwenye ndege, zina kidoti katikati ya kichwa. Anzia hapo, kwa biti nyembamba kidogo kuliko mwili wa riveti. Toboa kina cha kichwa tu, kisha simama. Ingiza panchi, kile kijiti cha chuma, inamisha, kichwa kivunjike. Egemeza bati upande wa nyuma kwa ubao wenye tundu, ndipo uusukume mwili utoke. Wengi hawana subira: wanapitisha drili mpaka ng'ambo. Riveti inazunguka pamoja na biti, biti inahama, inakula bati, na tundu linakuwa kama yai. Sasa mnataka riveti nene zaidi. Lakini kutoka katikati ya tundu hadi ukingo ya bati panatakiwa angalau mara mbili ya unene wa riveti: riveti ya mm 2.4 inadai mm 4.8, ya mm 3.2 inadai mm 6.4. Kwenye flanji nyembamba ya mbavu, yaani ukingo uliokunjwa wa kiunzi cha ndani ya bawa, hamna nafasi hiyo. Mbavu nzima inatupwa kwa ajili ya riveti ambayo pengine ilikuwa salama, na inauma kuona kazi nzuri ikiishia hivyo.



3. Riveti nyingi hupinda kwa sababu ni ndefu mno au chuma cha kukingia, kinachoshikwa nyuma ya riveti inapopigwa, kimeinama. Kabla ya kupiga, mwili utokeze mara 1.5 ya unene wake. Angalieni pia kompresa inayoipa hewa bunduki ya kupigia riveti: Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, tangi linachelewa kujaa. Presha ikishuka mnagonga kidogokidogo, riveti inakuwa ngumu kabla haijakaa, kisha inapasuka. Subirini tangi lijae, halafu pigeni mpigo mfupi wenye nguvu.