Kinanda cha staili: kwa anayeanza kupiga peke yake Mtwara na Lindi

Wapiga gitaa watakucheka. Watasema kinanda chako kinapiga chenyewe, wewe kazi yako kufuta jasho tu. Wana haki pale unapochagua staili ya rumba, yaani mapigo ya bendi nzima yaliyohifadhiwa ndani ya chombo, ukabonyeza kitufe cha mwanzo (Intro), ukaiacha ikukokote mpaka cha mwisho (Ending). Hapo kazi ni ya fundi aliyeitengeneza staili hiyo kiwandani, na mwenzako wa Masasi au Nachingwea mwenye chombo kama chako atatoa muziki uleule.

Mimi thamani ya chombo hiki naiona zaidi kwenye utunzi. Wimbo mpya ukiupiga kwa gitaa pekee, besi na ngoma zinabaki kichwani mwako. Kwenye kinanda cha staili unausikia ukiwa na bendi nzima: unaujaribu kwa rumba, halafu zouk, halafu mwendo wa sita kwa nane, jioni hiyohiyo, bila kumbembeleza mpiga besi atoke Mikindani aje mazoezini.

Anza na mkono wa kushoto, kwa sababu ndio unaoiongoza bendi. Vinanda vya Yamaha vina mtindo wa kidole kimoja: ukibonyeza Do peke yake unapata kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya meja, ukiongeza kitufe cheusi kilicho karibu upande wa kushoto inakuwa maina. Utumie mwanzoni, kisha achana nao. Kama chombo chako kinao, nenda kwenye mtindo unaoitwa Fingered On Bass, ambao noti ya chini kabisa unayoshika ndiyo inayopigwa na besi. Jaribu hivi: Do meja, kisha Sol meja ukiweka Si chini, kisha La maina. Besi itashuka Do, Si, La hatua kwa hatua, na staili uliyoichoka itasikika kama kuna mtu amekaa akaipanga.

Baada ya hapo jifunze kuzima. Staili ya Yamaha kwenye vinanda vya daraja la kati na la juu ina sehemu nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu za nyuma, na mbili za vijimelodi. Hivyo vijimelodi, yaani vigitaa na tarumbeta zinazopitapita juu, ndivyo vinavyokutangaza kwamba umechukua kitu cha dukani. Zima hivyo kwanza, nafasi yao ijazwe na mkono wako wa kulia. Ubeti wa kwanza acha ngoma na besi tu, kiitikio kikiingia ndipo uongeze kodi. Wengi hupanda Main A hadi D, yaani hatua nne za staili kutoka nyepesi hadi iliyojaa, katika dakika mbili, halafu wimbo unakosa pa kwenda.

Kuna na kitufe cha Sync Stop, ambacho wengi hawakigusi kabisa. Ukikiwasha, bendi inapiga wakati umeshika kodi tu. Ukiachia mkono, kimya. Kwenye wimbo wa kuitikiana na watu ukumbini, hakuna kitu kitamu kama hicho. Unaachia, watu wanaitikia kwa makofi, unashika, besi na ngoma zinarudi palepale. Hata MC atanyamaza.

Sasa kwenye kutengeneza staili yako mwenyewe, na hapa ndipo nataka uweke muda. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, huikuti kwenye orodha ya staili za kiwandani. Vinanda vidogo vya Yamaha vya PSR-E havina Style Creator, yaani sehemu ya kutengenezea staili. PSR-SX600 kwenda juu inayo, na Korg za Pa zina kitu kama hicho. Tafuta mpiga ngoma wa kweli, mrekodi kwa simu, na umlipe. Chukua staili yoyote ya sita kwa nane, ihifadhi kwa jina jipya, futa kila kitu. Ingiza ngoma moja moja kwa vidole, vipimo (bar) vinne vinatosha. Usikimbilie kuzinyoosha noti kwa mashine (quantize) zikae sawasawa kwenye mdundo; ukizinyoosha sana kiuno hakikatiki.

Kwenye besi kuna sheria ambayo usipoijua utalaumu chombo. Yamaha huchukulia kwamba unarekodi juu ya kodi ya Do meja ya saba (CM7), kisha inazihamisha noti zako kufuata kodi utakayoshika ukumbini. Kwa hiyo kwenye besi tumia Do, Re, Mi, Sol, La na Si, ikimbie Fa. Kwenye sehemu za kodi baki na Do, Mi, Sol, Si. Intro na Ending ndizo zenye uhuru zaidi.

Jambo moja la adabu: midundo na nyimbo nyingine za unyago na jando si za kila sikio. Mwulize huyohuyo mpiga ngoma ipi inaruhusiwa kutoka nje, na akikataa, iache.

Mengine ni ya kawaida. Kifunike kinanda kwa kitambaa kwa ajili ya chumvi ya bahari, na nakala ya staili zako iwe kwenye flashi mbili. Umeme ukikatika, PSR-E373 inaendelea kwa betri sita ndogo za AA, lakini PSR-SX haina pa kuweka betri, kwa hiyo ulizia jenereta kabla ya kupokea kianzio.

Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba na pesa za minada zikaanza kuingia, simu za harusi zitakuwa nyingi. Kamati itakuuliza kwa nini unataka bei ya bendi na wewe uko mmoja. Usigombane nao. Wapigie wimbo kidogo, kisha uliza wanataka uzime nini ili bei ishuke, besi au ngoma.